Mnaenda Kampala kuona sanaa? Pesa ya safari isilale kwenye laini ya mtu mmoja

Miaka michache iliyopita nilikuwa mweka hazina wa kikundi cha watu kumi na mmoja. Tulikuwa tunachanga pesa za safari, na kwa vile tunaaminiana, kila mtu alituma kwenye laini yangu. Jioni moja mama mmoja, mkulima wa chai, akatuma Sh3,200. Meseji ikaingia, nikafurahi. Nikaangalia salio: sufuri.

Nilikuwa nimesahau kwamba wiki ile nililipa stima kwa ule mkopo wa simu unaojazia pale salio linapopungua. Pesa yoyote inayoingia hulipa deni kwanza. Simu haijui kwamba hii ni ya mama wa watu.

Sikuiba, lakini hebu jaribu kumweleza hivyo mtu aliyeamka saa kumi na moja kuchuma majani ili apate hiyo pesa.

Nimekumbuka kisa hicho kwa sababu watu wa kwetu Chepilat wameanza kuzungumzia safari za kuona sanaa ya kisasa nje ya nchi. Walimu ndio wanaovuta wenzao. Katika mtaala mpya, sekondari ya juu ina njia tatu, na moja ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Sasa mwalimu anaambiwa afundishe sanaa ya leo, na yeye mwenyewe hajawahi kuingia kwenye jumba la maonyesho. Ongeza fundi anayechora mabango ya maduka, dada anayesuka vikapu vya kuuza, na mkulima mstaafu anayependa tu vitu vizuri, hapo tayari una kikundi.

Kwa nini Kampala

Wengine wanataja Venice kule Italia, ambako maonyesho makubwa ya sanaa hufanyika kila baada ya miaka miwili. Ndoto nzuri. Lakini ada ya viza peke yake ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na viza ikikataliwa hairudi.

Sasa angalia hili. Mwaka 2022 Uganda ilishiriki Venice kwa mara ya kwanza ikiwa na ukumbi wake wa kitaifa, ikiwakilishwa na Acaye Kerunen na Collin Sekajugo, na majaji wakautaja ukumbi huo kwa heshima ya pekee. Kerunen hutumia ukili, nyuzi za migomba na ususi wa wanawake wa vijijini. Yule dada wa vikapu wa Chepilat akiona kazi kama hizo ataelewa kabla hajaelezwa.

Kutoka kwetu, Kampala iko karibu kuliko Mombasa. Unashuka Keroka, Kisii, Ahero, Kisumu, unavuka Busia, halafu zimebaki kama kilomita 200. Mkenya anaingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa tu; utaratibu huo ulianza 2014 kati ya Kenya, Uganda na Rwanda. Beba pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na uchanjwe angalau siku kumi kabla ya safari, maana cheti hakihesabiki kabla ya hapo.

Ukifika kuna ya kuona. Makerere ina shule ya sanaa iliyotokana na madarasa aliyoanzisha Margaret Trowell miaka ya 1930, na ina jumba lake la maonyesho. Elkana Ong'esa, mchongaji wa Tabaka kule Kisii ambaye sanamu yake imesimama makao makuu ya UNESCO jijini Paris, alisoma Makerere. Kwa hiyo barabara hii watu wetu waliipita zamani. Nommo, jumba la taifa, lilifunguliwa 1964 na liko Nakasero. Afriart Gallery iko eneo la viwanda, na 32° East ina kituo Kabalagala ambako wasanii hupewa nafasi ya kufanyia kazi. Ukibahatika kuona kazi za Sanaa Gateja, sogea karibu: zile shanga zote ni karatasi kuukuu iliyoviringishwa, mara nyingi zimeshonwa juu ya kitambaa cha gome la mti wa mutuba.

Msipange sehemu tano kwa siku moja. Foleni ya Kampala haina huruma, na mbili kwa siku zinatosha. Hapa ndipo mwongozaji wa kule anapostahili pesa yake: anajua onyesho gani limefungwa, na msanii gani atawafungulia karakana na kukaa nanyi saa nzima.

Basi pesa ikae wapi

Tufanye hesabu ya mfano, yenu mtaiweka wenyewe. Mko watu kumi na wanne, kila mmoja Sh24,000. Hiyo ni Sh336,000.

Tangu Agosti 2023 laini ya M-Pesa inaweza kushika hadi Sh500,000, kwa hiyo pesa yote hiyo inaingia kwenye simu moja vizuri kabisa. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Mkopo wa mweka hazina utaila kama ulivyokula ya mama yule. Mtu akisajili upya laini yake kwa ujanja, ameondoka na safari yenu. Na tusiogope kulisema: mweka hazina akifariki, pesa iliyo kwenye laini yake inahesabiwa kuwa yake, na mtaenda kuiomba kwa familia iliyo kwenye matanga.

Fungueni akaunti ya kikundi benki au kwenye sacco. Wanachama watachanga kwa simu zao kama kawaida: unaingiza namba ya paybill ya benki, kisha namba ya akaunti ya kikundi. Kutoa kunahitaji saini za watu watatu. Benki itataka cheti cha usajili wa kikundi, ambacho hupatikana ofisi ya maendeleo ya jamii. Chepilat hapa kuna kazi kidogo, kwa sababu soko limekalia mpaka: upande mmoja ni Bomet, mwingine Nyamira. Amueni mapema kama mtajisajili Sotik au Borabu. Na watia saini wasitoke upande mmoja wote. Kikundi ambacho nusu wanasalimiana "chamgei" na nusu "bwakire" kina utajiri wake, lakini kila mtu anakumbuka nyakati ambazo soko hili halikuwa na amani. Pesa isiwape watu sababu ya kuanza kuhesabiana.

Kabla ya kuthibitisha muamala, soma jina linalotokea. Kama si la benki au sacco yenu, simama hapo hapo. Ukishatuma, peleka ile meseji ya uthibitisho kwenye grupu, yenye namba ya muamala. Kila mwezi mweka hazina alete taarifa ya akaunti na isomwe kwa sauti, hata kama mwezi huo hakuna kilichoingia. Wengine wataona ni kama kumshuku. Mimi niliyewahi kushika pesa za watu nakwambia ile taarifa inamlinda mweka hazina kuliko mtu mwingine yeyote.

Usiihesabu bonasi kabla haijatangazwa

Mwalimu analipwa kila mwezi. Akianza Aprili na safari ni Desemba, Sh3,000 kwa miezi minane inamfikisha. Mkulima wa chai mfuko wake ni mwingine: malipo ya mwezi ni madogo, pesa yenyewe inakuja na bonasi, karibu na Oktoba. Msimlazimishe alipe kama mwalimu. Anaweza kutoa Sh1,500 kuanzia Aprili hadi Septemba, hizo ni Sh9,000, kisha amalizie Sh15,000 bonasi ikiingia.

Shida ni kwamba bonasi haina ahadi. Mwaka 2025 viwanda vingi vya Kericho, Bomet, Kisii na Nyamira vilitangaza bonasi ya chini kuliko mwaka uliotangulia, na chini sana ukilinganisha na vya Mlima Kenya. Aliyekuwa ameshaitumia kichwani aliumia. Kwa hiyo hoteli, gari na mwongozaji vilipiwe amana kutoka kwa pesa iliyo kwenye akaunti tayari. Mkiona Oktoba imekuja vibaya, punguzeni siku, au sogezeni safari hadi likizo ya Aprili. Makerere haitahama.

Andikeni pia mtu akijitoa inakuwaje. Mimi napendekeza hivi: sehemu yake iliyokwisha kulipwa kwa hoteli hairudi, iliyobaki inarudishwa kwenye namba ile ile iliyotuma, ndani ya siku saba. Kwenye namba ile ile tu. Akisema "nitumieni kwa ya shemeji", mwambieni hapana, kwa upole.

Kumlipa mwongozaji

Kampuni ya utalii ya Kenya inatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, na ya Uganda iwe inatambuliwa na Bodi ya Utalii ya Uganda. Omba namba ya leseni na uithibitishe kwao, usiridhike na picha iliyotumwa kwa simu. Amana ilipwe kwenye paybill au akaunti yenye jina la kampuni. Ukiambiwa "mfumo uko chini leo, tuma kwa namba yangu, kesho bei inapanda", hiyo haraka ndiyo dalili. Mwizi wa pesa za simu hana silaha nyingine isipokuwa kukufanya usifikirie kwa dakika tano.

Kama mwongozaji ni mtu wa Kampala, mnaweza kumtumia moja kwa moja kupitia menyu ya kutuma nje ya nchi, kwenye akaunti yake ya simu ya Uganda. Kabla ya PIN utaonyeshwa ada na kiasi atakachopokea kwa shilingi za Uganda. Kubalianeni naye kwa shilingi za Uganda na mwandike, kwa sababu bei ya kubadilisha hutembea. Mapema 2024 shilingi yetu ilikuwa dhaifu, ikipata kama 24 za Uganda. Katikati ya mwaka huo huo ilikuwa inapata 28 na zaidi. Kwenye Sh10,000 hiyo ni tofauti ya shilingi 40,000 za Uganda, mlo wa watu kadhaa.

Jambo lingine: tangu mwishoni mwa 2018 Uganda hutoza kodi ya asilimia 0.5 kwenye kutoa pesa taslimu za simu, juu ya ada ya wakala. Ukitoa mara sita kidogo kidogo, ada zinakula. Lipeni vitu vikubwa kwa kutuma, na mtoe taslimu mara moja tu ya chakula na bodaboda.

Busia

Kituo cha mpakani ni kimoja, kwa hiyo mnahudumiwa na maofisa wa nchi zote mbili kwenye jengo moja. Kama mmekodi matatu ya huku, hakikisheni mwenyewe ana bima ya COMESA, ile kadi ya njano, la sivyo mtalala hapo. Wabadilisha fedha watawazunguka na mabunda. Wengi ni watu wa kazi, lakini noti ikikunjwa katikati huhesabiwa mara mbili, kwa hiyo hesabu mwenyewe, hadi mwisho, kabla ya kutoa yako.

Washa huduma ya kutumia laini nje ya nchi ukiwa bado Kisumu, na ujaribu kuangalia salio mara tu mkivuka. Watu wawili wawe na pesa ya dharura, kwenye mitandao tofauti, na wasikae kiti kimoja. Ukipigiwa simu ukiwa kule na mtu anayedai ametuma pesa kimakosa kwako, angalia salio kwanza. Hata ukikuta imeingia kweli, usimrudishie wewe. Mwambie aombe kupitia huduma kwa wateja, nao wataishughulikia.

Mtu akinunua kazi ya msanii, adai risiti yenye jina la msanii, bei na mahali ilipotengenezwa. Bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki zenye thamani isiyozidi dola 2,000 zinaweza kupita kwa cheti rahisi cha asili bila ushuru wa forodha, ingawa kodi nyingine zinaweza kubaki. Tangaza kazi yako. Kuificha chini ya kiti kwa ajili ya kuokoa kidogo ni njia nzuri ya kuiacha Busia.

Mkirudi, mweka hazina ana wiki moja ya kusoma hesabu ya mwisho, na kilichobaki kigawanywe kwenye zile namba zilizotuma, hata kama ni Sh340 kwa mtu.

Ile Sh3,200 niliirudisha siku ya tatu, kutoka kwa mshahara. Mama yule alisema hakuna neno, na hajawahi kulitaja tena. Lakini hadi leo, kila akinitumia pesa, hata ya maziwa, ananipigia baada ya dakika mbili kuuliza, "Mwanangu, imefika yote?"