Uzito wa Konde la Zamani

Katika mabishano ya wapenzi wa masumbwi, ambayo hapa Igawa, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya na Tunduma, hupamba moto kila pambano la zamani linapoonyeshwa katika kibanda cha video, lililo gumu kuliko yote ni lile la kupima nguvu za mabondia waliokwisha kustaafu au kufariki. Maana wepesi wa mkono huonekana kwa macho, na ustadi wa miguu kadhalika, ilhali uzito wa konde anaujua aliyepigwa, naye kwa wakati ule aghalabu hana kauli.

Kwa hiyo akthari ya watu hukimbilia daftari la matokeo. Daftari ni shahidi, lakini shahidi wa kuhojiwa. Mtazame John Mugabi wa Uganda, aliyepata medali ya fedha katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, kisha akaingia katika ngumi za kulipwa na kuwashinda wapinzani wake 25 wa mwanzo wote kwa nokauti. Mwaka 1989 alitwaa ubingwa wa dunia kwa kumshinda Mfaransa René Jacquot katika raundi ya kwanza, na asomaye matokeo tu atastaajabu, konde gani hilo! Waama, Jacquot aliteguka kifundo cha mguu, akashindwa kuendelea. Vivyo hivyo Marvin Hagler, bingwa wa uzito wa kati, ameandikiwa kuangushwa mara moja tu katika ngumi za kulipwa, na Juan Roldán wa Argentina, mwaka 1984. Nasi tulioitazama picha ile twaona kwamba alisukumwa zaidi ya kupigwa.

Picha nazo zina hila zake. Zile za mwanzoni mwa karne iliyopita zilipigwa kwa kamera za kuzungushwa kwa mkono, na zikionyeshwa kwa mwendo wa mitambo ya baadaye, watu huonekana wakirukaruka kama vikaragosi, na ngumi zao zikadhaniwa kali kuliko zilivyokuwa. Hata katika picha za baadaye, kamera iliyokaa upande mmoja huficha kama glavu ilifika kidevuni au ilipita juu ya bega. Mwenye insafu, basi, asiukodolee macho mkono peke yake. Na atazame unyayo na kiuno cha mpigaji, kwani nguvu huanzia chini, ikapanda nyongani, ndipo ikafika begani. Kisha amgeukie mpigwaji, aone kama magoti yalilegea, kama baada ya pigo lile aliacha kusonga mbele, na, jambo ambalo wengi hulisahau, kama aliliona likija, kwa sababu konde la ghafla huangusha hata likiwa la wastani.

Kwa kipimo hicho Robert Wangila wa Kenya hana wa kumbeza. Kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, katika fainali ya uzito wa welta, alimshinda Laurent Boudouani wa Ufaransa kwa nokauti katika raundi ya pili, na Boudouani alikuwa amevaa kofia ya kinga. Tena mtu huyo si dhaifu, kwani baadaye alikuwa bingwa wa dunia.

Kwa Titus Simba wetu sina hukumu kama hiyo. Alileta Tanzania medali ya fedha kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970, baada ya kushindwa katika fainali na John Conteh, ambaye miaka minne baadaye alitwaa ubingwa wa dunia. Hilo lathibitisha daraja lake, wala halitwambii uzito wa mkono wake, na mwandishi achanganyaye mambo hayo mawili awadhulumu wasomaji.

Tukimrudia Mugabi, pambano la kumpimia ni lile la tarehe 10 Machi 1986, Las Vegas, alipokabiliana na Hagler, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amemmaliza Thomas Hearns katika raundi tatu. Hagler alizipokea ngumi za Mganda yule hata uso ukamvimba na jicho la kulia likakaribia kuziba, naye hakuanguka. Aliyeanguka katika raundi ya 11 ni Mugabi. Pamoja na hayo, hukumu yangu ni kwamba ushahidi mkubwa kabisa wa nguvu za Mugabi umo katika pambano hilo aliloshindwa, si katika zile nokauti 25 zilizolitangulia.