Unaponunua ploti kwa mtu ambaye jina lake haliko kwenye hatimiliki

Dalali anakuonyesha ploti, mnaelewana bei, kisha ukiomba kuona hatimiliki unakuta jina la mtu mwingine. Si lazima awe tapeli. Huenda ametia saini makubaliano ya kununua ardhi hiyo, amelipa arubuni ya asilimia 10, na sasa anatafuta wa kumuuzia kwa bei ya juu kabla ya muda wa kumaliza malipo kuisha. Mnunuzi huumia anapolipa bila kujua hasa ameuziwa nini.

Kuna njia mbili za kukamilisha ununuzi wa aina hii. Dalali anaweza kukuachia makubaliano yake, ukashika nafasi yake, na mwenye ardhi akaihamisha moja kwa moja kwa jina lako. Au ardhi ihamishwe mara mbili: kwanza kwa dalali, kisha kutoka kwake hadi kwako.

Tuchukue shamba la kijijini ambalo mwenyewe anauza kwa Sh800,000 na dalali anakuuzia kwa Sh1,100,000. Likihamishwa mara mbili, ushuru wa stempu, ambao mashambani ni asilimia 2, hulipwa mara mbili: Sh16,000 kwa dalali na Sh22,000 kwako. Mjini kiwango ni asilimia 4. Dalali pia huenda akatozwa kodi ya faida yake, baada ya kuondoa gharama. Ndiyo maana madalali wengi hupendelea njia ya kwanza.

Lakini nafuu hiyo ni yake kuliko yako. Katika njia ya kwanza, unachonunua ni haki iliyo kwenye karatasi ya mtu mwingine, pamoja na kasoro zake zote. Soma makubaliano ya awali yote, si ukurasa wa mwisho tu. Je, yanakataza kuhamishiwa mtu mwingine? Salio ni kiasi gani, na siku ya mwisho ni lini? Muda ukiwa umepita, mwenye ardhi anaweza kuvunja makubaliano, nawe ubaki ukimdai dalali. Zaidi ya hayo, dalali anaweza kukupa haki yake, lakini hawezi kukutwika deni lake bila idhini ya anayedai. Kwa hiyo mwenye ardhi atie saini akikutambua kama mnunuzi, na salio lipitie kwa wakili wake, lisipitie mfukoni mwa dalali. Makubaliano ya ardhi lazima yawe ya maandishi, yatiwe saini na yashuhudiwe. Ahadi ya simu haitoshi mahakamani.

Kwa mashamba ya kilimo, idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi huombwa ndani ya miezi sita tangu makubaliano kufanywa. Bila idhini hiyo sheria inayahesabu kuwa batili. Unaweza kudai pesa zako zirudishwe, ingawa kumpata aliyekwisha kuzitumia ni safari nyingine. Hakikisha ombi lina jina lako, si la dalali pekee.

Kwa maoni yetu, ikiwa mwenye ardhi hapatikani au hataki kukutana nawe, achana na njia ya kwanza. Mwache dalali akamilishe ununuzi wake, kisha fanya upekuzi rasmi, ule ambao wengi huuita sachi, na ulipe tu baada ya jina lake kuonekana kwenye rejista. Utangoja zaidi, na huenda bei ikapanda kidogo.

Njia yoyote utakayochagua, upekuzi ufanywe kabla ya shilingi ya kwanza kutoka, kupitia Ardhisasa au ofisi ya usajili wa ardhi. Utaonyesha mwenye ardhi ni nani na kama kuna mkopo wa benki au zuio. Ikiwa mwenye ardhi ana mke au mume, ulizia ridhaa yake. Ukishatia saini, wakili wako anaweza kuweka zuio kwenye rejista ili ardhi isihamishwe bila wewe kuarifiwa.

Serikali ya kaunti haitoi hatimiliki wala idhini ya bodi. Inachotoa ni cheti cha kuthibitisha kwamba ardhi haina deni la kodi ya ardhi ya kaunti. Fika katika ofisi ya mapato ukiwa na nambari ya ploti, uulize deni lililopo kabla hamjakubaliana nani atalilipa.