Vuja, vujia, vujisha: kuisaka oili inayopotea kwenye trekta kuukuu

Kitenzi kuvuja hukubali kiima cha aina mbili. Tunasema "maji yanavuja", tukitaja kinachotoka. Tunasema pia "ndoo inavuja", tukitaja chombo. Katika maongezi ya kila siku hilo halina madhara. Lakini fundi wa Kolwezi akiletewa trekta ndogo ya bustani yenye umri mkubwa, na mwenyewe akamwambia "inavuja" tu, bado hajaambiwa mahali wala sababu. Minyambuliko ya kitenzi hichohicho inampa mpango wa kazi.

Kwanza, inavuja nini? Oili ya injini iliyotumika huwa nyeusi. Ile ya gia ni nzito zaidi na mara nyingi hunuka kama kiberiti. Trekta isimame mahali tambarare, injini izimwe na ipoe, kisha kijiti cha kupimia kitazamwe. Hatua hii haifai kurukwa: injini nyingi ndogo za zamani hazina taa ya kuonya, na oili ikipungua mno, pistoni hukwama. Hapo gharama si ya gasketi tena, ni ya injini nzima, na msimu wa kulima haungoji.

Pili, inavujia wapi? Kiambishi -i- cha kutendea ndicho kinachodai mahali. Tone lililo chini halionyeshi chanzo, kwa sababu oili huteremka kando ya chuma, na feni ya kupoza injini huirusha hadi upande wa pili. Vumbi jekundu la kiangazi huishikilia, likafanya tope linaloficha kila kitu. Kwa hiyo chomoa waya wa plagi, osha injini kwa mafuta ya taa na brashi, kamwe si kwa petroli, kisha ikaushe kabisa. Paka unga wa chaki au poda kwenye maungio, washa injini kwa dakika chache, zima, utazame. Sehemu ya juu kabisa iliyolowa ndiyo ya kushukiwa: huenda ni kifuniko cha valvu, kizibo cha kumwagia oili, au sili ya mhimili unaozunguka.

Tatu, nini kinaivujisha? Hapa wengi hukosea kwa kubadilisha gasketi na kurudi garajini baada ya wiki moja. Injini ina tundu la kupumulia, lenye valvu ndogo. Likiziba, gesi hujaa ndani na kuisukuma oili nje kupitia ungio lolote dhaifu. Oili iliyojazwa kupita alama huleta matokeo kama hayo. Ringi za pistoni zilizolika nazo hupitisha gesi. Safisha tundu hilo kwanza, halafu ndipo ununue kipuri.

Kuna pia suala la istilahi. Kifaransa, ambacho kwa miongo mingi kilikuwa lugha ya mabwana wa karakana za Union Minière na baadaye Gécamines, hutumia neno joint kwa gasketi na kwa sili pia. Afrika Mashariki maneno hayo ni mawili, na tofauti yake ina maana kazini. Gasketi hukaa kati ya vyuma viwili visivyosogea. Huvuja uso ukipinda au boliti zikikazwa bila usawa. Kaza kidogokidogo, kwa kupishana pande. Sili hukumbatia mhimili unaozunguka. Huvuja mdomo wake ukilika au mhimili ukichimbika. Mdomo huo lazima uelekee upande wa oili. Ukigeuzwa, sili mpya itavuja siku hiyohiyo.

Mwisho, laza kadibodi safi chini ya trekta usiku kucha. Asubuhi ikiwa kavu, mwenyewe anaweza kurudi kwenye matuta yake ya lengalenga bila kuyamwagia oili. Ikiwa na doa, rudi kwenye swali la pili.