Keki ya pruni bila yai wala maziwa: msaada kwa tumbo gumu



Kuna ugonjwa mmoja ambao watu wanaona haya kuutaja mbele ya munganga: tumbo gumu. Mtu anapitisha siku 3 au 4 bila kwenda haja kubwa, akienda anaumia, na mwisho anapata bawasiri. Wengine wananunua dawa za kuharisha sokoni na kuzinywa kila juma. Wengine wanamtia mtoto lavema ya mizizi. Jambo hilo ni la hatari: linaweza kuunguza utumbo, kukausha maji ya mwili, hata kumwua mtoto.

Leo tunakuonyesha njia nyingine. Inapita jikoni, na watoto wataifurahia.

TUMBO LINAKAUKA KWA SABABU GANI?

Chini ya udongo na karibu na tanuru kuna joto. Jasho linatoka siku nzima. Ukinywa maji kidogo, utumbo unanyonya maji yaliyo ndani ya chakula, na mavi yanakuwa magumu.

Sababu ya pili ni sahani yetu. Bukari ya unga mweupe inashibisha, lakini pumba imekwisha kuondolewa kwenye mashini, na nyuzi nyingi zimekwenda pamoja nayo. Nyuzi hizo ndizo zinazoshika maji na kusaidia utumbo kusukuma. Ukila bukari na samaki tu, bila sombe, bila lenga-lenga, bila maharagi wala matunda, tumbo linafanya kazi kwa shida.

Sababu ya tatu ni kuzuia haja. Wafanyakazi wa usiku wanajua: saa ya choo inapotea, mtu anangoja, na kesho yake ni vigumu zaidi.

PRUNI NI TUNDA GANI?

Pruni ni tunda la nchi za baridi. Rangi yake ni nyekundu, manjano au ya zambarau, na ndani kuna kokwa moja. Hapa kwetu tunalipata zaidi likiwa limekaushwa, jeusi na laini, katika mifuko ya dukani iliyoandikwa «pruneaux». Huko Ufaransa, mji wa Agen unajulikana kwa pruni kavu. Inahitajika karibu kilo 3 za pruni mbichi ili kupata kilo 1 ya zilizokauka.

Usiichanganye na safu ya Kinshasa, ambayo watu wengine huiita pruni pia. Safu ina mafuta na inaliwa na chumvi.

Katika gramu 100 za pruni kavu kuna karibu gramu 7 za nyuzi. Tena kuna sukari ya namna yake inayoitwa sorbitoli, karibu gramu 15. Tumbo haliwezi kuinyonya yote. Ile inayobaki inavuta maji ndani ya utumbo na kulainisha mavi. Mwaka 2011 waganga wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walitangaza matokeo ya kupima watu 40 wenye tumbo gumu. Gramu 50 za pruni kavu asubuhi na gramu 50 jioni zilisaidia kuliko dawa ya nyuzi inayouzwa katika maduka ya dawa.

Lakini wewe usianze na nyingi, kwa maana utaharisha. Loweka pruni 4 au 5 usiku katika maji, ule asubuhi pamoja na maji yake. Ukiona zinakufaa, ongeza polepole.

NAMNA YA KUPIKA KEKI

Keki hii haina yai, maziwa wala siagi. Inafaa nyumba ambayo vitu hivyo ni bei kali, na mtu ambaye maziwa au mayai yanamdhuru. Pima kwa glasi moja ya kawaida:

– pruni kavu 24, bila kokwa
– maji glasi 1 na nusu
– sukari nusu glasi
– mafuta ya kupikia theluthi ya glasi
– unga wa ngano glasi 2
– bikarbonati kijiko 1 kidogo
– maji ya ndimu kijiko 1 kikubwa
– chumvi kidogo sana

1. Chemsha pruni katika maji pamoja na sukari kwa dakika 10. Ziponde kwa mwiko, uache zipoe kabisa. Tia mafuta.

2. Changanya unga, chumvi na bikarbonati. Mimina juu yake pruni zilizopondwa, koroga. Mwisho tia ndimu, koroga upesi. Ndimu na bikarbonati zikikutana zinatoa mapovu. Mapovu hayo ndiyo yanayoinua keki mahali pa yai, basi usikawie kuiweka motoni.

3. Mimina katika sufuria ndogo iliyopakwa mafuta. Iweke ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga mkavu uliokwisha kupata moto juu ya mbabula. Funika, weka makala machache juu ya kifuniko. Ngoja karibu dakika 50. Choma kwa kijiti: kikitoka kikavu, keki imeiva.

Pruni zikikosekana, ponda ndizi 4 zilizoiva sana katika glasi nusu ya maji, bila kuchemsha. Msimu wa mvua ukianza, wape watoto masuku yaliyooshwa vizuri. Msiokote matunda karibu na mabaki ya kiwanda, kwa maana vumbi la madini linashika tunda na udongo.

Kata vipande 8. Kila kipande kina pruni 3. Kimoja kinatosha, kwa maana sukari imo.

ANGALIA MAKALA!

Usiwashe mbabula ndani ya nyumba iliyofungwa, hata mvua ikinyesha. Makala yanatoa gazi isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu na kuzuia hewa safi. Ni gazi ileile inayotufanya tungoje baada ya baruti kulipuka chini ya udongo. Kichwa kikiuma, kizunguzungu au kutapika kukianza, toa watu wote nje mara moja, uite msaada.

NANI AJIHADHARI?

Mwenye ugonjwa wa sukari au wa figo amwulize munganga kwanza. Mtoto mchanga asipewe. Kokwa zitupwe: zinaweza kumkaba mtoto, na mbegu iliyo ndani ina sumu.

Ukiona damu katika haja, tumbo limevimba na kuuma sana, unatapika, au unakonda bila sababu, usingoje keki. Njoo dispansere siku hiyohiyo.

Tena, tusidanganyane. Wako wanaosema kwamba maziwa au tunda fulani huosha vumbi kutoka mapafuni. Si kweli. Hakuna chakula kinachoondoa vumbi la mawe. Maji ya kutuliza vumbi na maski yako ndiyo ulinzi.

Basi, mama, tia mboga na matunda katika sahani kila siku. Baba, chukua chupa ya maji kazini, na uirudishe tupu.