Kifo kizungumzwe mwenyewe angali hai

Mwishoni mwa miaka ya 1990, akina mama wa Uganda waliokuwa na virusi vya Ukimwi walianza kuwaandikia watoto wao vitabu. Dawa za kufubaza virusi zilikwisha gunduliwa, lakini bei yake ilikuwa ya matajiri. NACWOLA, chama cha wanawake wanaoishi na virusi kilichoundwa mwaka 1992, kiliwafundisha wanachama wake kuandaa kitabu cha kumbukumbu: daftari lenye picha, habari za ukoo, siku mtoto alipozaliwa, jina lake limetoka kwa nani, baba yake alikuwa mtu wa namna gani. Kisha ukafika ukurasa mgumu kuliko zote: mimi mama yako naumwa nini.

Ukurasa huo haukuandikika bila mazungumzo. Nani atanilea? Shamba litakuwa la nani? Maswali ambayo katika nyumba nyingi huachwa mpaka ndugu wagombane hata matanga hayajaanuliwa, hapa yalijibiwa na mhusika mwenyewe. Mwaka 2004 Uganda ilianza kutoa dawa bure, na waliowahi kuzipata waliendelea kuwalea watoto ambao tayari walikuwa wameambiwa ukweli.

Sisi wengine tukitaja kifo tunaambiwa tuache uchuro. Anayeumizwa zaidi na ukimya huo ni mtoto. Watoto wengi huanza kuelewa kati ya miaka 5 na 7 kwamba aliyekufa harudi, na kwamba kila mtu atakufa. Kabla ya hapo wanayachukua maneno yetu kama yalivyo. Ukimwambia bibi amesafiri, atamngoja. Ukimwambia amelala, huenda akaogopa kitanda chake mwenyewe. Mwambie amekufa, mwili wake haufanyi kazi tena, hasikii maumivu. Mengine atauliza akiwa tayari, pengine katikati ya chakula.

Je, msiba unaweza kumkuza mtu? Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun, wanasaikolojia wa Marekani, walitoa mwaka 1996 dodoso la maswali 21 kupima walichokiita ukuaji baada ya kiwewe. Wanaoupata husema wamekuwa karibu zaidi na watu, wamejijua kuwa na nguvu, wanauthamini uhai, wameona njia mpya za maisha, au imani yao imebadilika. Kwa maelezo ya wawili hao, kinachokuza si kifo chenyewe. Ni ile kazi ndefu ya kuyapanga upya mambo ambayo mtu aliyaamini, na kazi hiyo huenda vizuri kukiwa na msikilizaji asiye na haraka. Huzuni haiondoki kwa sababu hiyo. Viwili hivyo hukaa nyumba moja.

Hata hivyo, utafiti wa Patricia Frazier na wenzake wa mwaka 2009, uliowapima wanafunzi wa chuo kabla na baada ya mkasa, ulionyesha kwamba ukuaji waliousimulia haukulingana sana na mabadiliko yaliyopimwa. Kwa hiyo tusimdai mfiwa faida. Kumwambia mjane wa wiki mbili kwamba Mungu anamfunza jambo ni kumwongezea mzigo.

Wala tusimshangae akicheka. Watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza mwaka 1999 kwamba mfiwa huenda na kurudi: mara analia, mara anahesabu mauzo ya duka na kupanga karo. Huko kupumzika kidogo ni sehemu ya kupona, na wala si kumsahau marehemu.

Matanga yetu yanalijua hilo vizuri: kilio, sufuria na utani vyote vimo. Udhaifu wake ni kwamba watu huondoka mapema. Mwezi wa tatu simu hazilii tena, na hapo ndipo mfiwa anapotamani mtu amtaje marehemu kwa jina. Baada ya miezi 6, ikiwa uchungu bado unamshika karibu kila siku hadi hawezi kufanya kazi wala kukaa na watu, Shirika la Afya Duniani linautambua huo kuwa ugonjwa wa huzuni ya muda mrefu. Unatibika kwa ushauri wa kitaalamu, na kumwambia ajikaze si tiba.