Kaskazi na Kompyuta ya Michezo

Kompyuta ya mezani ya michezo, iuzwayo ikiwa imekwisha kuunganishwa, huja na taa za rangi na kasha la kuvutia. Mara nyingi uzuri huo ndio unaoidhuru, kwani uso wa mbele uliozibwa kwa kioo huiachia hewa mianya miembamba tu, na feni ya kutolea joto huwa moja. Katika nchi za baridi kasoro hiyo huvumilika. Mombasa au Malindi, wakati wa kaskazi, hewa hupita nyuzi 30 alasiri, na hakuna feni iwezayo kukipoza kifaa chini ya joto la hewa inayokizunguka.

Basi kijana akimwambia mzazi kwamba mchezo unakwama na dawa yake ni kadi mpya ya picha, mzazi asikimbilie kutoa pesa. Aulize kwanza: je, huanza vyema, kisha ikachoka baada ya dakika kumi? Hiyo ni dalili ya joto. Vichakataji vingi vya Intel vimewekewa mpaka wa nyuzi 100, na vikiufikia hujipunguzia kasi vyenyewe visiungue. Programu ya bure ya HWiNFO huonyesha nyuzi hizo waziwazi. Ukitia kadi yenye nguvu zaidi katika kasha lilelile, umenunua tanuri.

Tiba ya kwanza ni rahisi. Kasha litolewe kabatini, livuliwe kile kitambaa cha kufuma (mama zetu watuwie radhi), likae shubiri moja mbali na ukuta. Umeme uchomolewe, ubavu ufunguliwe, vumbi liondolewe kwa brashi laini huku mapanga ya feni yameshikwa yasizunguke. Kisanduku cha umeme kisifunguliwe kamwe. Hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa. Vumbi la pwani hushikana na unyevu na chumvi likawa utando, kwa hiyo kusafisha mara moja kwa mwaka hakutoshi. Wako wanaoliacha kasha wazi na kulielekezea feni ya mezani. Joto hushuka kweli, ila chumvi nayo imekaribishwa ndani.

Penye nafasi, iongezwe feni ya milimita 120 mbele, ivute hewa ndani, ile ya nyuma iitoe. Kompyuta ya miaka kadhaa ibadilishwe pia ule uji wa kijivu ulio baina ya kichakataji na kipoza joto chake, kwani hukauka.

Hapo ndipo kadi mpya izungumzwe, na swali lake kubwa ni umeme. GeForce RTX 3060 hula wati 170, RTX 4060 wati 115. Kwetu sisi tofauti hiyo ni joto linalobaki chumbani, nami ningechagua ya pili. Zote mbili Nvidia hushauri kisanduku cha umeme cha wati 550. Fundi akitazame kilichomo kabla ya kununua, kwani baadhi ya kompyuta za Dell na HP zina plagi za aina yao wenyewe, na kisanduku cha kawaida cha dukani hakiziingii.

Aangalie pia RAM. Kompyuta nyingi za namna hii huuzwa zikiwa na kijiti kimoja penye nafasi mbili au zaidi. Cha pili kilicho sawa nacho huongeza kasi katika michezo mingi, na joto lake ni dogo mno.