KIFUNIKO CHA BERINGI KINAPOGOMA



Katika karakana ya shamba moja la miwa tuliyoitembelea, trela moja lilikuwa limeandikwa daftarini kwamba gurudumu lake la kushoto linapiga kelele. Beringi haikufunguliwa, kwa sababu kifuniko chake cha vumbi kilikataa kutoka na karakana haikuwa na chombo cha kukivutia. Msimamizi akasema liendelee na kazi mpaka mwisho wa juma. Kabla ya siku hiyo kufika, gurudumu lilichomoka kwenye mteremko wa kwenda kiwandani na miwa ikamwagika barabarani. Ni bahati tu kwamba hapakuwa na mtu juu ya shehena wala kando ya njia.

Twaona basi inafaa kueleza jinsi ya kutoa kifuniko hicho kwa nyundo, tindo na bisibisi mbili kuukuu, vyombo ambavyo havikosekani hata katika karakana maskini.

Kifuniko hiki ni kikombe cha bati jembamba kilichoshindiliwa katikati ya habu, yaani kitovu cha gurudumu. Kazi yake ni kuzuia vumbi, tope na maji yasiifikie beringi, na kuzuia grisi isitoke. Kwa kawaida hakina skrubu. Kinashikwa na kule kubanwa tu, maana upana wake umezidi kidogo upana wa tundu. Kutu na rangi iliyopakwa juu ya maungio huzidisha ugumu. Lakini tazama kwanza: vingine, hasa vya malori, hufungwa kwa boliti, na vingine huzungushwa kama kifuniko cha chupa. Ukiona boliti au pembe sita za kukamatia, tafuta spana, usitafute nyundo.

Kosa la wengi ni kupiga upande mmoja kwa nguvu. Hapo kifuniko hulala upande, hujibana zaidi, na mwisho bati hupasuka. Kinatakiwa kitoke kidogo kidogo, pande zote sawasawa. Fuateni hatua hizi:

1. Pakueni shehena. Trela lisimame mahali tambarare, trekta lizimwe na ufunguo utolewe. Wekeni magogo mbele na nyuma ya magurudumu. Msiinue kwa jeki bado, kwani gurudumu likiwa chini trela halitikisiki. Kama rimu imeyaziba maungio, hapo ndipo gurudumu litolewe kwanza, na ekseli ikalie tegemeo imara.

2. Sugueni tope na kutu kwa brashi ya waya mpaka mstari wa maungio uonekane wazi. Kateni rangi kwa ncha ya kisu. Tieni dizeli kidogo, mngoje nusu saa.

3. Gongeni ubavu wa kifuniko kwa kipande cha mti mgumu na nyundo, mapigo mepesi, huku mkizunguka pande zote. Vingine hulegea hapa hapa.

4. Kama bado, wekeni makali ya tindo bapa kwenye maungio, chini ya ukingo wa kifuniko. Gongeni polepole mpaka makali yaingie kidogo tu, kisha hamieni upande wa pili, halafu juu, halafu chini. Haba na haba hujaza kibaba.

5. Nafasi ikipatikana, ingizeni bisibisi mbili pande zinazokabiliana, mkizipindua pamoja. Kifuniko kitachomoka chenyewe. Wekeni kitambaa safi chini yake kisiangukie mchanga.

Kikizidi kugoma, kikamateni kwa spana ya bomba, mkikitikisa huku na huku. Huenda bati likabonyea, na kifuniko kilichobonyea au kupasuka kibadilishwe. Kifuniko kipya ni gharama ndogo kuliko beringi, wala hakilinganishwi na mguu wa mtu.

Yako mambo ya kukataa kabisa. Msitumie moto: grisi huwaka na mpira wa kuzuia mafuta huungua. Msitumie tindo ambayo kichwa chake kimechanua kama uyoga, kwa kuwa vipande vyake huruka machoni. Inoeni kwanza, na vaeni miwani ya kukinga macho. Tena msiingize tindo ndani sana, maana nyuma ya kifuniko mna nati, pini na beringi yenyewe.

Mkishafungua, itazameni grisi. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Ikiwa na chembe za chuma zinazong'aa, beringi inaliwa. Roli zikiwa na rangi ya samawati, zimepata moto kupita kiasi. Kwa dalili hizo trela lisirudi kazini kabla fundi hajalitengeneza.

Wakati wa kurudisha, futeni tundu na ukingo, kisha gongeni kifuniko kwa kipande cha bomba kinacholingana na ukingo wake, mkizunguka. Msipige katikati. Kikilegea msikifunge kwa gunia wala mfuko wa nailoni, kwani vumbi litapita na grisi itatoka.

Sasa neno juu ya haki. Tumesikia mahali ambapo fundi alikatwa mshahara kwa kupasua kifuniko kilichokwisha kuliwa na kutu. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Kifungu cha 13 kinamlinda mfanyakazi aliyejitoa katika kazi akiwa na sababu ya haki ya kuamini kwamba hatari kubwa iko karibu. Serikali zilizouridhia mkataba huo zinafungwa nao.

Kwa hiyo dereva akisikia gurudumu linalia, aandike daftarini siku na saa, na nakala impe mjumbe wa tawi. Njia tuliyoeleza ni ya kuokoa kazi pale vyombo vinapokosekana. Haimwondolei mwajiri wajibu wa kuvinunua.